Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta ya Mtumba: Ushauri kwa Wapiga Picha wa Kigoma

Wanaopiga picha kwa kujifurahisha hapa Kigoma huniuliza mara kwa mara wanunue kadi gani ya grafiki (kipande cha kompyuta kinachochakata picha) ili kompyuta zao ziache kusuasua wakati wa kuhariri, nami huwajibu kwa kuwauliza kwanza kompyuta yenyewe ni ipi. Wengi wetu tunatumia kompyuta za mezani za mtumba zilizokwisha kutumika maofisini, za aina ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk, na katika mashine hizo ukubwa wa boksi na uwezo wa pawasaplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, huamua mambo mengi kabla hata hujahesabu fedha.

Boksi jembamba halipokei kadi ya kimo cha kawaida. Linahitaji kadi ya kimo kifupi iliyokuja na bamba lake fupi la kufungia, na bamba hilo likikosekana ni shida kulipata huku kwetu. Pawasaplai za maboksi hayo nazo mara nyingi hazifiki wati 300 wala hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi italazimika kutegemea umeme wa tundu la PCI Express, yaani tundu la madabodi ambamo kadi huchomekwa, ambao kikomo chake ni wati 75. Hapo ndipo orodha inapofupika: GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, GTX 1650 ya mwaka 2019 na Radeon RX 6400 ya mwaka 2022, zote zikiwa na kumbukumbu ya GB 4, kiasi ambacho Adobe hukipendekeza kwa programu yake ya kuhariri picha, Photoshop. Hata hivyo, zipo GTX 1650 zilizotengenezwa zikiwa na tundu la waya wa ziada, na hizo ziachwe dukani.

Mimi ningechukua GTX 1650. Nvidia imekwisha kuacha kuziboreshea programu endeshi (draiva) kadi za kizazi cha 1050 Ti, isipokuwa masahihisho ya usalama, na sioni sababu ya kununua leo kitu kilichokwisha kuagwa. RX 6400 ni nzuri na inatumia umeme kidogo, wati 53, ila ina njia nne tu za kupitishia data kwenye tundu la PCI Express, hivyo katika madabodi ya zamani hupoteza sehemu ya kasi yake, ingawa kwa picha za mnato hasara hiyo si kubwa. Kadi nyingine utakayoikuta, GT 1030, ina mtego wake: lilitoka toleo la kumbukumbu ya aina ya GDDR5, kisha likaja la DDR4 lililo taratibu mno, yote mawili kwa jina lilelile, na muuzaji hatakuambia tofauti usipouliza.

Lakini je, unaihitaji kadi kweli? Mtumiaji wa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, hatapata nafuu kubwa, kwa kuwa programu hiyo hufanya karibu kazi zake zote kwa prosesa. Huyo aongeze RAM kutoka GB 8 hadi 16 na kuweka diski ya SSD. Programu nyingine za kuhariri ni tofauti: Darktable hunufaika na kadi kupitia OpenCL, mfumo unaoipa kadi sehemu ya hesabu za prosesa, na Lightroom huitumia katika marekebisho mengi, hasa katika uondoaji wa chengachenga kwa akili mnemba ulioanza mwaka 2023. Kwa kazi hii ya mwisho, hata GTX 1650 itakuweka ukisubiri dakika kadhaa kwa picha moja, na anayeitaka kila siku atafute mashine nyingine kabisa.

Wako pia wanaotaka kadi ili wekundu wa jua linapozama ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, uonekane vizuri zaidi. Kadi haiongezi rangi. Rangi unayoiona inategemea kioo cha kompyuta, na kioo cha mtumba cha aina ya IPS, inayoonyesha rangi kwa usahihi, kilichorekebishwa vizuri kitamfaa mtu huyo kuliko kadi yoyote niliyoitaja.

Kwa kuwa wengi wetu huagiza Dar es Salaam na kupokea mzigo kwa basi, la kuogopwa zaidi ni kadi bandia: kadi kuukuu za kizazi cha GTX 550 Ti hubadiliwa programu ya ndani ili zijitambulishe kuwa 1050 Ti. Dalili moja ni tundu la VGA, lile la zamani la kuunganishia kioo, kwa sababu chipu halisi ya 1050 Ti haitoi mawimbi ya aina hiyo; ukiliona, shuku. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi na kuandika onyo mbele ya jina la kadi, huku 1050 Ti halisi ikionyesha chipu ya GP107 na viini 768 vya kuchakata. Mwombe muuzaji aiwashe kadi, akutumie picha ya kioo kikionyesha GPU-Z pamoja na kadi yenyewe ikiwa ndani ya mashine, kisha ndipo ulipe.