2147483647, namba yenye ilikwamisha mchezo wa mdogo wangu

Mdogo wangu hapa Kadutu, mu Bukavu, alikuja mbio na simu yake, "yaya angalia, makuta zangu za mchezo zimekataa kupanda!" Kweli, alikuwa amefika 2147483647, na kila akiuza kitu namba inabaki palepale. Nikamwambia simu haina shida, nafasi ya kuandikia njo imejaa.

Programu nyingi zinaandika namba kwa biti 32 (biti ni kanafasi kadogo kenye kubeba 0 ao 1), moja inaenda kwa alama ya chanya ao hasi, zinabaki 31, na namba kubwa yenye inaenea mule ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Njo ile. Na ile ni namba tasa, hakuna yenye kuigawanya isipokuwa 1 na yenyewe. Lakini usifikiri mainjinia waliitafuta juu ya utasa wake, ilijitokea tu. Tena, hata kama 31 ni tasa, hiyo peke haitoshi: chukua 11, nayo ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11 toa 1 ni 2047, na 2047 ni 23 mara 89, basi imeanguka.

Mimi yenye inanipendeza zaidi ni namna mwanahisabati Euler alihakikisha kama ni tasa, 1772, kule Saint Petersburg, macho yake karibu yamekufa kabisa na kalkuleta haiko. Sisi wengine tungejaribu kugawanya na kila namba tasa mpaka 46340 (ukipita pale unarudilia tu kazi), ziko zaidi ya 4700, unaona mateso. Yeye akaonyesha kama kigawanyo tasa kiko, ukikigawa kwa 248 lazima kibakize 1 ao 63, hakuna njia ingine. Zikabaki 373 za kuangalia, na humo nyingi unaruka tu, 249 inagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, hizo si tasa. Ya kwanza ya kweli ni 311: 311 mara 6905092 ni 2147483612, imebaki 35, imekataa. Yenye inafuata ni 1303, nayo inabakiza 226. Hizo mbili tulizifanya kwa karatasi, mdogo akachoka, akaniacha peke yangu 😂

Sasa cheka kidogo. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kama namba kamilifu (yenye vigawanyo vyake vidogo vikijumlishwa vinairudisha yenyewe, kama 6 = 1 + 2 + 3) yenye inatoka mu hii namba yetu itabaki kubwa kupita zote zenye watu watavumbua, juu hazina faida, nani atajisumbua? Mu 2024 Luke Durant akapata namba tasa ya aina hiyo hiyo (2 kwa kipeo, toa 1) yenye tarakimu 41024320, nayo inatoa namba kamilifu yake.

Na faida, eeh: mashine za zamani zinahesabu sekunde toka 1970 mu biti zile zile 32, hesabu itajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa za Bukavu ni kumi na moja na dakika 14 ya alfajiri. Mashine za biti 64 zitapita bila shida. Kama kwenu muko na kompyuta ya mukongwe yenye inatunza madeni ya duka, anza kuchapisha karatasi.