Kinu cha mama na vipunje vya kijivu

Mwanzoni mwa 2012 nilikuwa nimemaliza form four nasubiri matokeo, nikawa nashinda kibandani kwa mjomba pale Mikindani, yeye ni fundi redio, feni, friji, chochote utakachomletea anafungua. Na huku kwetu Mtwara mjomba ndo mwenye sauti, kwa hiyo aliposema njoo uwe unafagia, nilienda nikafagia.

Siku hiyo kulikuwa na dispensa ya maji ya mezani, zile zisizo na kompresa, imegoma kupoza. Mjomba akachomoa kisahani cheupe cha milimita 40 kwa 40, ukikipa umeme upande mmoja unapoa mwingine unaunguza. Kilikuwa kimepasuka, akanirushia, "Chezea hicho, kimeshakufa." Ndani vipunje vya kijivu vimejipanga ka meno ya mtoto, jozi 127. Ni bismuthi na teluri, elementi mbili zilizounganishwa, na vitu vingine kidogo.

Mjomba akanionyesha mchezo: kipunje kikipashwa upande mmoja kinatoa umeme kidogo, kwa hiyo unakishika kwa waya mbili za mita ya kupimia umeme, ule mwekundu unaugusisha chuma cha kulehemu kikiwa cha moto. Vingine vinasoma plasi, vingine mainasi. "Hivi vya plasi jike, hivi vya mainasi dume," akasema, basi. Nikakikwaruza kimoja kwa wembe, kikabanduka matabaka matabaka, laini yanang'aa, ka chapati ya kusukuma.

Sa mi nikapata akili ya kitoto. Umeme ulikuwa unakatika kila siku, nikawaza hivi vipunje vidogo mno, nikivisaga nikavigandamiza kipande kimoja kikubwa, nikakiweka juu ya jiko la mkaa, simu si itachaji? Nikaenda nyumbani nikabeba kinu cha mama cha viungo. Nikatwanga. Unga nikaushindilia kwenye bushi ya pikipiki nikabana na vaisi hadi mikono ikauma, kikatoka kidonge kizuri tu.

Nikakipasha. Mita ikasoma karibu na sifuri. Mjomba akacheka mpaka akakaa chini, kumbe nimetwanga majike na madume pamoja, huyu anasukuma huku yule kule. Haya, nikachambua, nikatwanga madume peke yake.

Hapo ndo palinichanganya. Kipunje kizima ukikipima ukinzani mita inasoma sawa na ukigusisha waya zake zenyewe, yaani umeme unapita tu. Kidonge kikasoma ohm thelathini na kitu. Halafu nikikipasha, milivolti zilezile za mwanzo, mainasi ileile! Sikuongeza kitu, sikupunguza, nimepiga tu. Kusukuma kinasukuma, kupitisha hakipitishi.

Mjomba akasema, "Mwanzo ilikuwa barabara, we umeikata vipande, kila punje sa umeme unapanda mtumbwi." Hajasoma fizikia huyo mzee, ila nilipofika chuo nikakuta yuko sahihi kabisa, mipaka kati ya punje na punje ndo inayokaba umeme. Ambacho hakukijua ni kwamba kule kutwanga kunavuruga hata mpangilio wa atomi ndani, teluri inaacha nafasi wazi, elektroni zinaongezeka, na jike ndo lenye elektroni za ziada, mpaka bismuthi teluraidi (hiyo bismuthi na teluri) tupu ya dume ukiisaga sana inaweza kugeuka jike. Na kilichoniuma zaidi, 2008, miaka minne kabla ya kinu changu, watafiti wa Boston College na MIT kule Marekani walisaga madume hayahaya yakawa unga wa nano, yaani laini mno usioonekana punje kwa macho, wakayagandamiza yakiwa ya moto, kipimo cha ubora wa kugeuza joto kuwa umeme kikafika 1.4 wakati kilichozoeleka ni kama 1. Mipaka yao ilikaba joto kuliko ilivyokaba umeme, na hicho ndo kinachotakiwa, joto lisivuke ila umeme upite. Mi niligandamiza baridi, na vaisi ya mjomba.

Kesho yake asubuhi namsalimia mama, shikamoo, badala ya marahaba akarudi nyuma. "We mtoto, umekula kitunguu saumu cha nani?" Nyumbani hamkuwa na kitunguu saumu hata punje. Teluri hiyo, ukiivuta kidogo tu pumzi inanuka hivyo siku kadhaa (msije mkajaribu, ni sumu). Nikakana, nikakana, hadi akaenda jikoni kutwanga iliki akakuta kinu kimepakaa kijivu.

Siku hiyohiyo kinu kilihamia kibandani. Mjomba anawekea skrubu mpaka leo.