Kamera zimezimwa, maikrofoni zimewaka
Jana nimefundisha siasa za tabianchi mtandaoni. Kamera zote zimezimwa, kimya. Nauliza swali, najijibu mwenyewe. (Walimu wenzangu mnanielewa.) Nikawagawa wanafunzi makundi ya kuigiza mazungumzo: nchi tajiri, visiwa vidogo, wazalishaji wa mafuta. Nikawawekea ahadi ya nchi tajiri kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, 2009: dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi zinazoendelea ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD (shirika la kiuchumi la nchi nyingi tajiri), kiasi hicho kilifikiwa 2022. Weee! Maikrofoni zikafunguka. Visiwa wanadai fidia, matajiri wanasema tuite msaada. Nikawaonyesha aya ya 51 ya uamuzi wa mkutano wa Paris, 2015, uliopitisha Mkataba wa Paris: kifungu cha mkataba huo kuhusu hasara na uharibifu unaoletwa na mabadiliko ya tabianchi si msingi wa kudai fidia. Binti mmoja wa “visiwa” akauliza, “Na mlisaini?” Kipindi kilipitiliza nusu saa, na hakuna aliyetoka.