Escudo, SACCOS na hela ya mafuta: gari letu la kwendea porini

Mtu akishaamua anataka gari la kwendea kambi na familia, hapa Bongo kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni Prado, na kama hela ya Prado hana anaona bora asubiri kwanza, basi miaka inaenda watoto wanakua hawajawahi kulala kwenye hema hata siku moja. Hili jambo linaniuma kwa kweli. Maana ukitoa sehemu chache sana, huko tunakotaka kwenda hakuhitaji Prado, na mkopo wa kuchukulia hiyo Prado ndo huohuo utakaokufanya usitoke Dar.

Mi naanzaga na barabara kabla ya gari. Udzungwa kwa mfano, ile hifadhi ni ya kutembea kwa miguu, ndani hakuna barabara za kuzungukia na gari, unapaki unapanda mwenyewe mpaka maporomoko ya Sanje, mita 170 zile, sasa hapo hata IST inakufikisha bila shida yoyote. Lushoto nayo lami ipo kuanzia Mombo mpaka mjini, kona nyingi ila lami. Kazi inaanza ukitaka kuendelea mbele kwenda Mtae, kiangazi ni vumbi tu unaenda taratibu, lakini ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni na pembeni yako ni bonde. Mikumi ndo hivyo hivyo, barabara kuu ya lami inakatiza katikati ya hifadhi, ila ukishaingia ndani kule uwanda wa Mkata kuna udongo mweusi ambao masika ukiuingia vibaya unalala hapohapo. Saadani kuna mchanga. Hizo ndo safari zetu sisi, na mke wangu na watoto wawili, mahema, jiko la gesi, maji na magodoro.

Kwa hiyo nilichokuwa natafuta ni fo wili, yaani gari linalovuta kwa tairi zote nne, yenye gia nzito, ile lo yenyewe. Watu wengi wanadhani lo ni ya kupandia tu, wakati kazi yake kubwa kwangu mimi ni kushuka, unashuka mteremko wa tope injini inalishika gari, mguu wako hauko kwenye breki, tairi hazifungi, gari haliseleleki. RAV4, X-Trail na Forester ni magari mazuri na kama wewe unaishia Lushoto mjini na Bagamoyo chukua tu, ila lo hazina. Harrier nyingi zilizopo barabarani ni tu wili, usidanganywe na umbo.

Jimny nilikuwa naipenda sana aisee, chasisi ya ngazi kabisa, ekseli nzima mbele na nyuma, nyepesi, inapita mahali gari kubwa linakwama. Lakini mkikaa wanne hakuna pa kuweka hata begi la nguo, na hii mpya iliyotoka 2018 bei yake ni kwa wenye nafasi. Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, wale wa kampuni za utalii Arusha wanajua kwa nini hawaiachi, ila mimi mtu wa mshahara siwezi kuweka hela ile yote kwenye gari.

Ndo nikafika kwenye Escudo, ile toleo la kuanzia 2005, wengine wanaiita Grand Vitara. Chasisi yake imejengwa humohumo ndani ya bodi, fo wili yake ni ya muda wote, na kwenye dashibodi kuna swichi ya kuzungusha, 4H, 4H Lock, halafu 4L Lock, yaani lo na difu ya kati inafungwa, tairi za mbele na za nyuma zinavuta pamoja. Tairi ya spea iko mlango wa nyuma kwa hiyo hauinami kwenye tope kuitoa kule chini. Spea zake Gerezani hapa Dar unazikuta mpya na za kutoka Japani.

Hapa naomba uwe makini na injini. Ya 2.0 ina cc 1995, ya 2.4 na 2.7 zote zimevuka cc 2000, na ukiagiza nje TRA wanapandisha ushuru wa bidhaa ukishavuka 2000. Alafu kuna umri. Gari likifikisha miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, likizidi 10 linaongezewa zaidi, na hizi Escudo nyingi zinazouzwa Japani saa hizi zimeshavuka hiyo 10. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mwenyewe uweke mwaka na modeli, utaona kodi inavyolipita gari lenyewe kwa bei. Kwa hiyo kwa gari la aina hii kununua ambalo liko tayari nchini kulikuwa na maana zaidi, hata kama ni namba D au C, yaani lilisajiliwa zamani kidogo. Watu wanaangalia sana namba, "hii namba gani?", mi nakwambia angalia chini. Mengine yalitoka sehemu za theluji kule Japani, chumvi ya barabarani imekula chasisi, juu rangi inang'aa chini kunamomonyoka.

Fundi wangu aliniambia, "Kaka usikubali ukute injini ya moto, mwambie mwenye gari tunakuja alfajiri asiliwashe." Na ni kweli, hii 2.0 ikinyimwa oili cheni yake inagonga, na unaisikia vizuri pale inapowaka ikiwa baridi. Baada ya hapo tukaenda nalo kwenye mchanga kujaribu 4L, maana magari mengi ya mjini hiyo swichi haijawahi kuguswa tangu yashuke melini, na ukiigusa ndo unajua kama inaingia. Alafu angalia deni la trafiki na la maegesho kwenye mifumo yao kabla hujalipa, na hakikisha kadi halisi anayo mwenye jina lake, haiko benki kama dhamana.

Sasa hela. Hapa ndo watu wanaumia na hawaelewi wameumia wapi.

Kuna yadi ilitaka kunipa gari kwa mkopo wa milioni 15, miaka mitatu, asilimia 18 kwa mwaka, nikauliza riba inapungua au haipungui, muuzaji akasema "bosi asilimia ni ileile tu". Sio ileile. Riba isiyopungua unatozwa asilimia 18 ya milioni 15 nzima kila mwaka hata kama nusu umeshalipa, kwa miaka mitatu riba ni milioni 8.1, marejesho kama 641,700 kwa mwezi. Riba inayopungua kwa asilimia 18 hiyohiyo unatozwa kwenye deni lililobaki tu, marejesho yanakuwa kama 542,300 na riba yote milioni 4.5 hivi. Tofauti ni zaidi ya milioni tatu na nusu, kwa gari lilelile na asilimia ileile. Ukienda mahali uliza neno moja tu, inapungua? Na waombe jedwali la marejesho mwezi kwa mwezi kwenye karatasi.

Benki nazo nilipita. Gari likiwa ndo dhamana wanataka uanze na chako kwanza, kadi inakaa kwao, na wanataka bima kubwa, ambayo ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na VAT juu yake, kila mwaka, hiyo haimo kwenye marejesho na watu wanaisahau. Kwa mtumishi wa serikali kuna na ile theluthi moja ya mshahara ambayo lazima ibaki, ila mi naona theluthi ni kidogo mno kama una watoto shule.

Tulichofanya sisi ni SACCOS ya kazini. SACCOS nyingi zinakopesha mpaka mara tatu ya akiba yako, riba inapungua, dhamana ni akiba na wadhamini wenzako, kwa hiyo kadi ya gari iko nyumbani kwangu. Tulikopa nusu tu ya bei, nusu nyingine tulikuwa tumeitunza, na mke wangu ndo alisimamia hili kwa nguvu, alisema hakuna kukopa mpaka mwisho wa uwezo wetu. Alikuwa na sababu. Dar mpaka Lushoto ni kilomita 350 na kitu, kwenda na kurudi kwa Escudo inayokula lita moja kwa kilomita 9 ni lita 80 hivi, zidisha na bei ya mafuta ya EWURA inayotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Marejesho yakishakula hela hiyo gari litaishia kwenye foleni ya Mwenge.

Hela tuliyobakiza imeingia kwenye shokapu nne, bushi, oili zote mpaka za difu na giaboksi, na tairi za A/T, zile za lami na porini, ambazo ndo zimebadilisha gari kuliko kitu kingine chochote. Kuna na kamba ya kuvutia na pampu ndogo ya upepo, maana kwenye mchanga wa Saadani tunashusha upepo wa tairi mpaka PSI 18 hivi, tukirudi barabarani tunajaza. Hema la juu ya gari watoto wanaliomba kila siku, nimewaambia mpaka deni la SACCOS liishe, saa hizi tunalala chini na tunalala vizuri.