Mama ameipata kwenye jaribio la sita

Leo jioni nimemaliza mchezo wangu wa kwanza wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kompyuta inaficha namba kati ya 1 na 100, wewe unabahatisha, yenyewe inajibu "imezidi" au "haijafika".

Mchezo uligoma kwa masaa mawili! Kumbe unachoandika kwenye kibodi Python inakipokea kama maandishi, si namba, mpaka ukigeuze kwa amri ya int().

Nikamwita mama ajaribu.

Akaanza na 50. Imezidi.
25. Haijafika.
37...

Kila mara anakata katikati, kama anavyogawa mkate. Hakuna aliyemfundisha. Ukienda hivyo, mara 7 zinatosha kwa namba yoyote.

Ya sita akaipata. Akapiga makofi: "Sasa weka mpaka elfu moja, mwanangu."

Ninyi mngeanza na namba gani?