Wiki mbili zisizo na mimba

Kila nikiitazama kalenda ya ujauzito nakwama palepale: hesabu inaanza kabla ya mimba yenyewe. Mama anaambiwa ana wiki 6, kumbe kiinitete kina wiki 4 hivi. Tunahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho kwa sababu hiyo ndiyo tarehe inayokumbukwa; siku yai lilipokutana na mbegu haijulikani kwa hakika. Kutolijua hilo kumeshagombanisha watu bure, mume akihesabu kurudi nyuma na kukuta wiki mbili ambazo hakuwepo nyumbani.

Yai hurutubishwa ndani ya mrija wa uzazi, si katika mji wa mimba. Linagawanyika seli 2, 4, 8, lakini donge lenyewe halikui, maana bado limefungwa ndani ya ganda la yai. Seli ndizo zinazozidi kuwa ndogo. Siku ya 5 limekuwa kijipira chenye maji: seli chache za ndani zitakuwa mtoto, za nje zitatengeneza kondo. Kisha kinatoka kwenye ganda na kujichimbia ukutani, kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 10. Kabla ya hapo kipimo cha mkojo hakina cha kuonyesha, kwani homoni ya mimba, hCG, haijaingia kwenye damu ya mama. Aliyepima mapema akakuta hakuna kitu, asubiri hedhi ichelewe, arudie kwa mkojo wa asubuhi.

Kijipira hicho kikikwama mrijani, hiyo ni mimba nje ya kizazi. Mrija hautanuki kama mji wa mimba, hupasuka. Maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, na hata maumivu ya ncha ya bega (damu iliyomwagika tumboni inachokoza neva ya kiwambo cha kupumulia, na ubongo unayasikia maumivu hayo kama ya begani): hospitali saa hiyohiyo, hata kama damu ya ukeni ni matone tu.

Sasa sehemu ambayo sijawahi kuizoea. Katika wiki ya 3 tangu kutungwa, mtoto ni kama jani bapa. Katikati ya mgongo wake unatokea mfereji, kingo zake zinainuka, zinakutana usawa wa shingo, halafu zinajifunga kama zipu, kwenda juu na kwenda chini. Tundu la juu hufunga karibu siku ya 25, la chini siku ya 27 au 28. Lisipofunga la chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. La juu likibaki, ubongo na fuvu havijengeki. Wakati huo hedhi imechelewa wiki mbili tu, na wengine hawajashtuka hata kidogo. Ndiyo maana foliki asidi, vitamini inayosaidia mfereji huo ujifunge, mikrogramu 400 kwa siku, huanzwa walau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mtoto na kuendelea hadi wiki ya 12 ya kalenda. Aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari mapema. Huenda akahitaji dozi kubwa zaidi. Dawa za kifafa asiziache mwenyewe. Kuanza vidonge wiki ya 12 kunasaidia damu ya mama. Kwa mfereji ule tumeshachelewa.

Moyo, wakati huo ukiwa mrija tu, huanza kudunda karibu siku ya 22. Ultrasaundi ya kupitia ukeni huweza kuuonyesha kwenye wiki ya 6 ya kalenda. Usipoonekana, tusikimbilie kulia: yai huenda lilichelewa kutoka. Kiinitete kisichofika milimita 7 hakihukumiwi kwa picha moja. Kipimo hurudiwa baada ya siku 7 au zaidi.

Mikono huanza kama makasia. Vidole havichomozi kimoja kimoja, bali seli za katikati yake hufa na kuacha nafasi. Utumbo nao, kwa kukosa nafasi tumboni, hukulia kwa muda ndani ya kamba ya kitovu, kisha hurudi karibu wiki ya 12 ya kalenda.

Hapo kijusi kina kama sentimita 5 na nusu kutoka utosini hadi matakoni. Miguu haihesabiwi kwa kuwa imekunjwa. Urefu huo ukitofautiana na tarehe ya hedhi kwa zaidi ya siku 7, tunafuata urefu. Tarehe ikishapangwa hivyo haibadilishwi na ultrasaundi za baadaye, kwa kuwa kuanzia hapo kila mtoto anakua kwa mwendo wake.