Ililala vizuri, ikagoma kuamka

Nilikuwa nimefika jedwali la tisa katika tasnifu ya binti mmoja wa shahada ya uzamili. Jedwali refu, mistari 31 ya uzito wa mbuzi, wiki kwa wiki. Adhana ya adhuhuri ikalia. Nikafunika kompyuta, nikaenda kuswali, nikapitia kwa mama ntilie. Niliporudi, kama saa moja imepita, nikafunua. Feni ikavuma, taa ya kitufe ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Nikangoja. Ikaja ile skrini ya bluu yenye uso ulionuna, halafu kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe.

Word ilinirudishia faili, ila jedwali la tisa lilikuwa limeishia kwa mbuzi wa kumi na nane. Nakala ya dharura huhifadhiwa kila baada ya dakika 10 usipobadilisha mpangilio, na mimi mistari ya mwisho niliiandika ndani ya zile dakika ambazo hazikuwahi kuhifadhiwa. Yule binti akaja saa tisa. "Shikamoo mama, imekwisha?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia ukweli, akakaa pembeni ya meza akinisomea namba upya moja baada ya nyingine mpaka jioni. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nina ofisi ndogo ya kuchapa, kurudufu na kujalidi hapa Mazimbu, Morogoro. Kompyuta yenyewe ni ya mpakato, nilinunua ikiwa imetumika, na ndiyo inayonilisha. Ile ya mbuzi ilikuwa mara ya nne katika wiki mbili. Nilishaipeleka kwa fundi, akaiwasha, akaitazama kidogo. "Mama, hii bodi inaelekea kufa. Tuipige Windows kwanza, ikikataa tutafute bodi nyingine." Kupiga Windows, yaani kuiweka upya, elfu thelathini; bodi, ule ubao mkuu wa ndani, laki mbili na nusu. Nikatoa elfu thelathini. Siku mbili ikaenda vizuri, ya tatu ikarudi kulekule. Sababu ya zile siku mbili nilikuja kuijua baadaye.

Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi za mitandao Dodoma. Nilimpigia usiku nikiwa nimeshaanza kuhesabu fedha za bodi. Akaniambia: "Dada, usinunue kitu. Kompyuta huwa inaandika kila inachofanya. Kasome kwanza imeandika nini."

Nilikuwa sijui kama inaandika. Unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika eventvwr, unaingia kwenye kumbukumbu za Windows, upande wa System. Ni orodha ndefu, lakini zile za hatari zina alama nyekundu na saa yake, na mimi saa za kuanguka nilizikumbuka. Kila mara palikuwa na tukio lilelile: Kernel-Power, namba 41.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilikaribia kupotea. Ukiiona hiyo 41 na neno Power, akili inakimbilia umeme: chaja mbovu, betri imechoka, bodi imeungua. Lakini tukio hilo linasema jambo moja tu, kwamba kompyuta imewaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani utaiona 41. Ukishikilia kitufe mpaka izime utaiona pia. Chanzo kiko ndani zaidi. Unafungua kipengele cha maelezo, unatafuta mstari wa BugcheckCode. Ukikuta 0, maana yake Windows haikuwahi kurekodi skrini ya bluu: umeme ulikatika ghafla, au mashine iliganda. Kwangu palikuwa na 159.

Namba hiyo imeandikwa kwa hesabu ya kawaida, wakati orodha za makosa ya Windows hutumia hesabu ya kumi na sita, ambayo baada ya 9 inaendelea na herufi A mpaka F. Ukiigeuza, 159 inakuwa 9F, na 0x9F (hiyo 0x ni alama tu ya hesabu hiyo) jina lake ni DRIVER_POWER_STATE_FAILURE. Yaani kuna draiva, programu ndogo inayoendesha kifaa fulani cha kompyuta, iliyoambiwa ibadilishe hali ya umeme, ilale au iamke, ikashindwa kumaliza. Nilikaa nikiutazama mstari ule. Kwa mara ya kwanza katika wiki mbili kompyuta yangu ilikuwa imenijibu.

Tulipojaribu amri powercfg /a tukaona mashine inalala kwa mtindo wa S3. Katika usingizi huo prosesa inazimwa, diski inazimwa, karibu kila kitu kinakatiwa umeme isipokuwa RAM, inayopewa kidogo tu ili isisahau ulichokuwa unafanya. Ukifunua, kila kifaa lazima kiamshwe upya na draiva yake: skrini, waifai, sauti, bandari za USB. Kwa hiyo kompyuta inaweza kufanya kazi kutwa nzima bila tatizo, halafu ikaanguka kila inapoamka, na bodi yake ikawa nzima kabisa. Kimoja tu kisipoitikia, Windows inangoja, ikichoka inasimamisha kila kitu.

Swali likawa nani hakuitikia. Kwenye folda C:\Windows\Minidump kulikuwa na faili ndogo, moja kwa kila anguko tangu Windows ilipopigwa upya. Nilizifungua kwa programu ya bure ya BlueScreenView, nayo ikamtaja ntoskrnl.exe, yaani kiini cha Windows chenyewe. Nikampigia mdogo wangu nikiwa na wasiwasi. Akasema huyo hutajwa mara nyingi kwa sababu ndiye anayepiga kelele, kosa linaweza kuwa la mwingine kabisa. Nikamtumia faili moja kwa WhatsApp, akaifungua kwa WinDbg, programu ya kuchambua faili kama hizo, na baada ya nusu saa akanitumia jina la faili linaloishia na .sys. Draiva ya waifai.

Sikumwamini moja kwa moja. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Niliingia devmgmt.msc, penye orodha ya vifaa vya kompyuta, nikaizima kadi ya waifai, nikaanza kuilaza na kuiamsha kompyuta, nikiandika kila mara kwenye daftari la hesabu za dukani. Mara kumi, nyingine kwa dakika tano, nyingine kwa saa nzima. Haikuanguka hata mara moja. Nikaiwasha waifai: mara ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu skrini nyeusi. Nikayakumbuka maanguko yote manne. Yote yalitokea siku ambazo mashine ilikuwa imeunganishwa na mtandao wa simu yangu. Siku bando lilipokwisha, ililala na kuamka bila shida.

Katikati ya haya nilifanya na vile ambavyo kila mtu angekuambia. Nilitoa RAM nikaisugua miguu kwa kifutio, nikaacha mdsched, kipimo cha RAM cha Windows yenyewe, ipime usiku. RAM ilikuwa safi, nikasonga mbele.

Kwanza niliondoa tiki ile inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa cha waifai ili kubana umeme. Ikapunguza, haikumaliza, siku ya tano ikaanguka tena. Kilichoponya ni kuitoa draiva iliyokuwepo na kuweka ya zamani, nikiichukua kwenye tovuti ya waliotengeneza kompyuta, kwa namba ya modeli iliyobandikwa chini ya mashine. Na hapo nikaelewa zile siku mbili. Fundi alipopiga Windows, mashine ilianza na draiva iliyokuja na Windows yenyewe. Siku ya pili nikaiunganisha na intaneti, masasisho yakashuka, pamoja nayo draiva mpya ileile yenye kasoro. Elfu thelathini yangu ilifuta tatizo na kulirudisha. Kwa hiyo baada ya kuweka ya zamani nilihakikisha nimezuia masasisho ya Windows yasiniletee draiva yenyewe.

Jambo jingine lilinipotezea karibu wiki nzima. Kila jioni nilikuwa nazima kompyuta na asubuhi kuiwasha, nikiamini imeanza upya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna mpangilio wa kuwasha haraka: ukizima, kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski, katika faili la hiberfil.sys, asubuhi kinarudishwa vilevile, na draiva zinarudi na hali zao za jana. Ukitaka mashine ianze upya kweli, chagua kuiwasha upya, usizime na kuwasha. Majaribio yangu ya mwanzo yote yalivurugwa na hilo, maana nilikuwa nabadilisha kitu, nazima, nawasha, kisha nasema hakijasaidia. Nikauzima mpangilio huo, na kuanzia hapo majibu yakaanza kueleweka.

Sasa ni wiki ya saba. Nafunika mashine mara nne, tano kwa siku, na daftari lina ukurasa mzima wa alama za vema. Bado nabonyeza Ctrl na S kabla ya kugusa kifuniko, na wanafunzi wanaokuja na flashi zao nawaambia wafanye hivyohivyo.

Wiki iliyopita nilipita kwa yule fundi. Sikwenda kudai elfu thelathini. Ni kijana mchapakazi, na mashine za mtaa mzima zinapita mikononi mwake. Nilimkuta na kompyuta nyingine mezani, ya mwalimu, ambayo kwa maelezo yake ilikuwa "inazimika ikiamka". Nikamwonyesha eventvwr, nikamwonyesha mahali pa kuangalia. Akavuta kitabu chake cha risiti, akakigeuza nyuma, akachukua kalamu.

"Ile namba mama, umesema ngapi?"

"159. Ukikuta 0, hilo ni jambo lingine."

Akaziandika zote mbili.